Je, Mtu Mwema Apewe Mamlaka Yasiyo na Mipaka?



Wiki hii nataka tuketi na swali ambalo washirika wameniuliza zaidi ya mara moja, hasa vijana, tangu kampeni za urais wa Marekani za 2024. Linakuja hivi: "Kama mgombea anasimamia mambo tunayoyaamini, kuna ubaya gani akipewa nguvu zote, afanye kazi bila kusumbuliwa na mahakama na bunge?" Ni swali la haki, na si la Wamarekani peke yao. Mwaka 2027 na sisi tutapiga kura, na hatakosa mtu wa kupanda jukwaani aseme, "Nipeni nguvu, hawa wengine wananizuia." Afadhali tuwe tumeshafikiria kabla hajafika.

Kwanza tuyaweke mambo yenyewe mezani bila kuongeza chumvi. Julai 2019, akiwa rais, Donald Trump aliwaambia vijana mkutanoni Washington kwamba kifungu cha pili cha katiba yao kinampa haki ya kufanya lolote atakalo. Desemba 5, 2023, akiwa mgombea tena, mtangazaji Sean Hannity alimpa nafasi kule Iowa aahidi kwamba hatatumia mamlaka kulipiza kisasi. Akajibu kwamba hatakuwa dikteta, isipokuwa siku ya kwanza, siku ya kufunga mpaka na kuchimba mafuta. Baadaye alisema huo ulikuwa utani.

Januari 2024 jaji alimuuliza wakili wake: rais akiamuru kikosi maalumu cha jeshi kimuue mpinzani wake wa kisiasa, je, anaweza kushtakiwa? Wakili alijibu kwamba sharti kwanza Bunge limshtaki na kumtia hatiani. Yaani Bunge lisipofanya hivyo, mambo yameishia hapo. Kisha Julai 1, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba rais ana kinga ya kutoshtakiwa kwa mengi anayoyatenda kama kazi rasmi, ingawa si kwa mambo yake binafsi. Novemba alichaguliwa. Wazungu wa makanisa ya kiinjilisti walimpa kura kama wanane katika kila kumi. Hao ni watu wanaosoma Biblia tunayosoma. Ndiyo sababu swali hili limeingia mpaka kwenye ushirika wetu wa nyumbani.

Wanaomtetea wana hoja, na si haki kuipuuza. Wanasema rais amechaguliwa na taifa zima, wakati maafisa wengi wa serikali hawajachaguliwa na mtu yeyote. Sasa karani atamzuiaje mtu aliyepewa kazi na wananchi? Wanasema pia kwamba marais wa vyama vyote wamewahi kuvuta mamlaka upande wao, na hilo ni kweli. Lincoln mwenyewe, mwaka 1861, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alisimamisha haki ya mtu aliyekamatwa kupelekwa mbele ya jaji.

Lakini hebu tumwangalie Mfalme Uzia, katika 2 Mambo ya Nyakati 26. Tukitaka mfano wa mfalme mbaya huwa tunamkimbilia Ahabu na shamba la Nabothi. Ahabu ni rahisi, kila mtu anajua alikuwa mwovu. Uzia ndiye wa kutupa shida. Alitawala miaka 52 na alianza vizuri, akimtafuta Mungu. Alikuwa mtu wa maendeleo: alijenga minara, alichimba visima, alipenda kilimo, jeshi lake lilikuwa limepangwa sawasawa. Angesimama leo, ningempigia kura asubuhi na mapema. Biblia inasema alipokwisha kupata nguvu ndipo moyo wake ukainuka. Akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ambayo haikuwa ya mfalme. Kuhani Azaria akamfuata ndani na makuhani wengine 80, watu mashujaa, wakamwambia wazi kwamba hii si kazi yako, toka. Akawakasirikia, na hapo hapo ukoma ukamtokea kwenye paji la uso.

Tazameni vizuri. Azaria hakusema, "Huyu ni mfalme mzuri, ametujengea minara, tumwache." Alijua kwamba hata mfalme mzuri ana mlango asiopaswa kuupita. Na hiyo sheria haikutungwa kwa ajili ya wafalme wabaya tu. Katika Kumbukumbu la Torati 17 Mungu anaweka mipaka hata kabla Israeli hajapata mfalme wa kwanza: asijirundikie farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu, na ajiandikie nakala ya sheria aisome maisha yake yote, moyo wake usije ukainuka juu ya ndugu zake. Mipaka ilitangulia, mtu akafuata.

Historia ya Marekani yenyewe inafundisha hivyo hivyo. Franklin Roosevelt alipendwa sana, akachaguliwa mara nne. Februari 19, 1942, nchi ikiwa vitani, alitia sahihi amri iliyofanya watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia kamili, watolewe majumbani na kufungiwa kambini. Mahakama ilipoulizwa mwaka 1944 ilikubaliana na serikali. Ilichukua mpaka 1988 taifa kuomba msamaha kwa sheria. Mwaka 1952 Rais Truman naye alitwaa viwanda vya chuma kwa amri yake, akisema ni kwa ajili ya vita vya Korea. Safari hiyo Mahakama ya Juu ikasema hapana, na Truman akavirudisha. Marais wawili, wote wakiamini wanaokoa nchi. Kilichotofautisha ni kama kulikuwa na mtu wa kusimama mlangoni.

Na sisi Wakenya hatuhitaji kwenda mbali. Mwaka 1982 katiba ilibadilishwa tukawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1988 ikabadilishwa tena, majaji wakapoteza ulinzi wa kazi zao. Yote yalipitia bungeni, kwa kura. Sasa wewe fikiria mtu aliyezuiliwa katika vyumba vya chini vya Nyayo House miaka ile: angelalamika kwa jaji gani, ikiwa jaji mwenyewe anaweza kufutwa kazi? Na rais wetu wa wakati ule alikuwa mtu wa kanisani. Wengi tunakumbuka taarifa za habari za Jumapili zikitutangazia alikoabudu. Kuhudhuria kwake ibada hakukumfungulia mtu hata mmoja mlango wa seli.

Ulinzi wa majaji ulirudishwa 1990, na katiba ya 2010 ikaweka mipaka zaidi. Ndiyo maana Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu iliweza kufuta uchaguzi wa rais aliye madarakani. Rais alisema hakubaliani na uamuzi huo lakini atauheshimu, na kura ikarudiwa Oktoba. Uwe ulifurahi siku hiyo au ulikasirika, ulikuwa unaishi katika nchi ambamo rais anaweza kuambiwa hapana.

Kuna ndugu atanijibu kwa Warumi 13, kwamba mamlaka yametoka kwa Mungu, tutii. Amina. Lakini hapa Kenya mamlaka ya juu ni ipi? Ni katiba, na rais anaapa kuilinda akishika Biblia mkononi. Kumkumbusha kiapo chake si uasi. Azaria hakumpindua Uzia. Alisimama tu mahali alipowekwa.

Sasa lile gumu. Tuseme mgombea anasimama nasi kwenye ndoa, kwenye uhai wa mtoto tumboni, anaita wachungaji wamwombee, lakini anasema waziwazi kwamba mahakama na bunge havitamzuia. Tufanyeje? Mimi nasema simpigii kura huyo, na sababu yangu si siasa. Mamlaka hayafi na mtu, yanabaki kwenye kiti. Anayekuja baada yake atakuta mlango uko wazi, na huenda yeye hatupendi. Mnakumbuka Januari 2016, kanuni za kusimamia mashirika ya dini zilipotolewa, makanisa yakapaza sauti na zikasitishwa. Tuliweza kwa sababu kulikuwa na mahali pa kusikilizwa. Huwezi kubomoa ukuta kwa sababu leo unamzuia rafiki yako, halafu kesho uutafute adui akija. Tena jirani yangu asiye wa imani yangu anauhitaji ukuta huo leo hii, na nimeamriwa kumpenda kama nafsi yangu.

Kwa hiyo mheshimiwa akipewa kipaza sauti kanisani, nawaomba mumpime kwa maswali matatu. Nani anaweza kukuambia hapana, nawe ukatii? Mamlaka unayoyaomba, uko tayari yakae mikononi mwa mpinzani wako? Na uliposhindwa, iwe mahakamani au kwenye kura, ulifanya nini? La tatu ndilo linasema zaidi, maana hilo halijibiwi kwa ahadi. Lipo kwenye kumbukumbu.

Wazee wa ushirika, someni 2 Mambo ya Nyakati 26 yote wiki hii, mkazungumze na vijana. Waulizeni wao wangekuwa upande gani wa mlango wa hekalu siku ile, mfalme wanayempenda akija na chetezo mkononi. Na tuwaombee viongozi wetu kwa majina, pamoja na wale walio na kazi ngumu ya kuwaambia hapana.

Mungu awabariki.