Tabasamu Lililoishia Kazini

Wapendwa wanandoa, mke anayehudumu hotelini Westlands halipwi kwa kubeba sahani tu. Hulipwa kwa kutabasamu pia. Mteja akimfokea, hutabasamu. Usiku akishuka kwenye matatu hapa Mountain View, tabasamu limekwisha. Nawe bwana unalalamika, "Wageni unawachekea, mimi unaninunia!" La, ndugu yangu. Ni kwako tu anakoweza kuchoka bila kuogopa kufutwa.

Eliya alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakumhoji. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Waf 19). Maswali ya Mungu yalingoja mpaka Horebu. Basi mpokee kwa chai, watoto wakiwa wamekwisha kula. Na siku ya mapumziko katika kila siku saba, ambayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa, usimwekee karai la nguo.