Samaki Bado Majini

Mtoto aliyepita madrasa za pwani, iwe Mombasa au Kilwa, huenda akasahau mengi, lakini mfano wa samaki haumtoki. Akifika mlango wa biashara, hufundishwa kwamba haifai kumuuza samaki aliye bado majini, wala ndege aliye angani. Samaki mwenyewe hana kosa. Tatizo ni kwamba muuzaji hajui anachouza, na mnunuzi hajui anachonunua. Mafakihi huliita jambo hilo gharar, na katazo lake limo katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira na kuandikwa na Imamu Muslim.

Sasa tuchukulie mtoto huyo amekua, amesomea uhandisi, akaajiriwa Abu Dhabi katika idara ya zabuni ya kampuni ya ujenzi wa baharini. Kazi yake ni kutaja leo bei ya bomba litakalolazwa miaka miwili ijayo, kwenye sakafu ya bahari ambayo hajaiona, katika hali ya hewa anayoijua Mungu peke yake. Je, si samaki yuleyule?

Mambo yote yamo katika mstari mmoja wa jedwali lake. Chukua bomba kama lile litokalo kisiwa cha Songo Songo hadi Somanga, takriban kilomita 25 chini ya maji, ambalo tangu 2004 linasafirisha gesi kuelekea Dar es Salaam. Meli ya kulaza bomba la namna hiyo hukodiwa kwa siku, na siku ya kungoja bahari itulie nayo ina malipo yake. Manahodha wa majahazi waliijua hesabu hii kabla ya kompyuta: wakati wa maleleji utafanya kazi, kusi ikishika mwezi wa Julai utakaa. Mkadiriaji naye huchukua rekodi za mawimbi za miaka mingi, akazilinganisha na kimo cha wimbi ambacho meli na kreni yake vinaweza kustahimili, kisha akapata idadi ya siku za kungoja. Anaandika 9.

Mkubwa wake anaitazama karatasi. “Haiwezi kuwa 6?”

Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba 6 ni uongo. Bahari inaweza kutulia. Hapo ndipo maadili ya kazi hii yalipo, katika siku tatu ambazo hazina shahidi.

Mtu hukua kazini akiyazoea maswali ya aina hiyo. Huanzia chini: kuhesabu tani za chuma kwenye michoro, kuwaandikia watengenezaji kuomba bei, kubembelezana na wenye meli. Miaka ikipita hukabidhiwa zabuni nzima, na hatimaye hupata kiti katika kikao cha mwisho, pale bei inapokatwa kabla ya bahasha kufungwa. Zabuni nyingi hushindwa. Miezi mitatu ya kukesha inaweza kujibiwa kwa barua ya mistari miwili ya shukrani.

Na kushinda nako kuna mushkeli wake. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini makampuni yaliyoshinda minada ya vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Meksiko yalipata faida ndogo kuliko yalivyotarajia. Watu wengi wakikadiria kitu kisichojulikana, anayeshinda mnada huwa ndiye aliyezidisha kuliko wote. Kwenye zabuni za ujenzi mambo hugeuka: anayeshinda ni yule aliyepunguza kuliko wote. Wachumi huiita laana ya mshindi. Wahenga walishasema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Halliburton waliyafika. Mwaka 2000 tawi lao la KBR lilikubali kuendeleza maeneo ya mafuta ya Barracuda na Caratinga, katika bahari ya Brazil, kwa bei isiyobadilika ya takriban dola bilioni 2.5. Hasara yake ilipita dola milioni 700. Kisha boliti za mabomba ya chini ya bahari zikaanza kukatika, na mwaka 2011 wasuluhishi waliamua mteja alipwe karibu dola milioni 200. Miaka 11 ilikuwa imepita tangu mkataba utiwe saini, na boliti bado zilikuwa zikidai.

Wako waliotafuta njia ya mkato ya kuikwepa laana hiyo. Watengenezaji wa mipira mikubwa ya kupitishia mafuta baharini, ile inayounganisha meli na maboya, walikuwa wakigawana zabuni tangu 1986. Mratibu wao aliamua ni zamu ya nani kushinda. Wengine walileta bei za juu za kuzugia tu. Mwezi Mei 2007 baadhi yao walikamatwa Houston. Mwaka uliofuata Waingereza watatu walifungwa jela, na Januari 2009 Tume ya Ulaya ikatoza faini za zaidi ya euro milioni 131. Kampuni ya Yokohama, iliyokuwa ya kwanza kutoboa siri, ilisamehewa faini. Fiqhi ina jina la ujanja unaofanana na huu, najash: kutaja bei bila nia ya kununua, ili kumhadaa mwingine. Nao umekatazwa.

Basi zabuni halisi, isiyo na njama, iko upande gani? Mafakihi hawakufunga mlango. Waliitambua istisnaa, yaani kuagiza kitu ambacho hakijatengenezwa, kwa sharti kwamba aina yake, kiasi chake, sifa zake na muda wake vielezwe wazi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1992, lilikubali hata kifungu cha fidia kwa anayechelewa, isipokuwa amezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Kisichojulikana hakikuondolewa, kilitakiwa kiandikwe, na ijulikane nani atakibeba.

Kwa mzabuni, mahali pa kukiandika ni ukurasa wa masharti, ambao wateja wengi hupenda uje mtupu. Pale ndipo panapoandikwa kwamba bei imehesabu siku 9 za kungoja, na zikizidi, malipo yatakuwa haya.

Kijana wa Abu Dhabi anaweza kusema riziki imekwisha andikwa, na ni kweli. Lakini imani hiyo ndiyo inayomwondolea sababu ya kuipora kwa hesabu ya uongo. Zile 9 aziache 9. Kampuni ikitaka bei ishuke, ipunguze faida yake, ambayo inaijua.