Ngano za Ukambani na Deni la Utafiti

Vyuo vikuu viwili vinapotia saini mkataba wa kubadilishana wanafunzi na kushirikiana katika utafiti, haki hupimwa kwa hesabu: wangapi wamekwenda, wangapi wamekuja, jina la nani limetangulia jaladani. Makala haya yanashikilia kwamba kipimo hicho hakitoshi.

Tuchukue mfano wa Ukambani. Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Uswidi, alichapisha tasnifu yake juu ya Wakamba huko Uppsala mwaka 1916. Ngano alizozikusanya zikafuata katika miaka ya 1920 na 1930, kwa Kikamba pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Bila yeye, huenda baadhi zingalipotea. Hata hivyo, shukrani haifuti deni.

Je, kurejesha nakala Machakos kunalilipa? La. Ngano si mali ya kuhifadhiwa tu. Ni usemi unaodai hadhira iwezayo kuujibu. Basi mwanafunzi atokaye Machakos asiende ng'ambo kuazima nadharia tu, bali akayahakiki maelezo ya wakusanyaji; naye mgeni ajaye akubali kusahihishwa na watambaji wenyewe. Ushirikiano unaomnyima mtambaji haki ya kujibu ni uchumaji, hata ukiwa na saini mbili.