Wajibu wa Dola Yenye Nguvu Katika Vita vya Jirani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada.

Ijulikane, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa watu wengi huuliza: Je, yafaa dola yenye nguvu kuingia katika vita vya watu wengine, na ikiisha kuingia, yafaa ikae? Wako wasemao, kila mtu na nyumba yake. Na wako wasemao, mwenye nguvu ndiye mlinzi wa wote. Kauli zote mbili zina upungufu.

Katika Sura ya Hujurat Mwenyezi Mungu ameamrisha makundi mawili ya waumini yakipigana yapatanishwe. Na moja likilidhulumu jingine, lile lenye kudhulumu lipigwe hata lirejee katika haki. Kisha yapatanishwe kwa uadilifu. Basi suluhu ndiyo mwanzo, na suluhu ndiyo mwisho; vita vi katikati, navyo vina mpaka. Asemaye kuwa hayamhusu ameacha nusu ya amri, na apiganaye asijue pa kukomea ameacha nusu ya pili.

Watu wa Mkange wanao mfano jirani, huko Saadani. Mwaka 1889 Bunge la Ujerumani lilitoa marki milioni 2, ikasemwa ni kwa kuzima biashara ya watumwa na kulinda mali zao katika pwani hii. Akaja Hermann von Wissmann na askari wa kukodiwa kutoka Misri na Msumbiji. Saadani ikapigwa mizinga; Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889; Bwana Heri wa Saadani akafanya amani mwaka 1890. Kuzuia watu wasiuzwe ni jambo jema. Lakini aliyekuja kwa jambo hilo aliketi akatawala, wala hakutoka ila kwa vita vya 1914–1918.

Mfano wa pili ni wa Tanzania yenyewe. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua na kupora. Tanzania ikayatoa, kisha ikaendelea pamoja na watu wa Uganda waliokuwa wamekimbia kwao, hata Kampala ikatwaliwa mwezi wa Aprili 1979. Mwislamu asione uzito kwa kuwa Amin alikuwa Mwislamu, Mtume s.a.w. amefundisha ya kuwa kumnusuru ndugu aliye dhalimu ni kumzuia mkono wake. Wala haikuwa haki Waislamu wa upande wa Mbarara kuuawa mwaka ule kwa ajili ya jina la Amin, hali hawana hatia.

Tanzania haikutwaa hata shubiri ya nchi ile. Lakini majeshi yake yalikaa hata mwaka 1981, na katika muda huo Yusuf Lule akaondolewa Juni 1979, na Godfrey Binaisa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukazaa ugomvi, vita vikaanza tena mwaka 1981, vikadumu hata 1986. Dhalimu aliondoka, suluhu haikupatikana.

Mtume s.a.w. ameweka haki ya mgeni kuwa siku tatu, akamkataza asikae hata amtie mwenyeji wake dhiki. Ikiwa hiyo ndiyo sheria ya mgeni asiye na silaha, mwenye bunduki yampasaje? Basi dola yenye nguvu na iingie kwa kuitwa au kwa kuondoa dhuluma iliyo wazi. Na iweke ahadi ya kazi yake na mwisho wake. Na isitoke kabla ya kuwaketisha wagomvi pamoja, wala isikae baada yake.

Swali hili halijapita. Desemba 2023 jumuiya ya SADC ilianza kupeleka askari Kongo ya mashariki, na Watanzania wakawamo. Machi 2025 ikaamua kuwarudisha, na vita havijakoma. Mzazi amtoaye mwanawe jeshini ana haki ya kuuliza: anakwenda kwa ahadi gani, na atarudi lini? Kwani nguvu ni amana, na damu ya askari ni amana, na kila mchunga ataulizwa alichokichunga.

Ewe Mola wetu, watie wakuu wetu uadilifu, wapatanishe majirani zetu, na uwarudishe salama watoto wetu walio mbali. Amin.