WAZO LA LEO: Nusu ya kazi isiwe nusu ya malipo tu

Msimu wa ufuta wilayani Namtumbo, Tanzania, hukusanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Karani wa muda wa chama cha msingi cha ushirika hupima, huandika stakabadhi, hupokea malalamiko ya wakulima na kukesha akilinganisha hesabu. Mkataba unasema nusu siku, mzigo unadai siku nzima. Tatizo si uvivu wala uzembe wake, bali ni kwamba saa zimepunguzwa huku majukumu yakibaki yaleyale. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aandike saa za kazi za mwajiriwa, na inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Kikomo hicho ni dari, si deni ambalo kila mfanyakazi lazima alilipe.

Wapo watakaosema msimu ni mfupi na ajira ni chache, hivyo avumilie. Uvumilivu ni jambo jema, lakini karani aliyechoka hukosea uzito, na hasara humwangukia mkulima aliyelima tangu masika. Wengine wanahofu kwamba anayelalamika hataitwa tena. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana asianze na malalamiko, aanze na kumbukumbu. Aandike kila siku kazi na saa zake, kisha amwulize kiongozi wake kwa heshima: ipi itangulie, ipi isubiri? Nawe kiongozi, ukikosa fedha za kuongeza saa, punguza majukumu.