Amka, Mwenye Mahema!

Umechoka?

Sawa, umechoka. Sasa niambie, umechoka na nini?

Usiniambie harusi. Harusi ilikuwa Jumamosi, wewe ulianza kuchoka Jumatano usiku, kamati ilipokupigia simu kuongeza meza mbili za wazee nawe ukaitikia bila kutaja nyongeza ya shilingi. Alhamisi ukahangaika kutafuta lori ambalo lilikuwa la kuagizwa wiki iliyopita. Ijumaa ukashinda soko la Voi ukichagua nyanya, kazi ambayo kijana yeyote angeifanya akipewa orodha na pesa. Jumamosi saa kumi alfajiri ulikuwa juu ya ngazi unafunga vitambaa. Saa sita usiku ulikuwa ungali uwanjani, unahesabu viti kwa tochi ya simu, unaanza upya, kwa sababu vilitoka 300 na vinakataa kuzidi 289.

Nani alikutuma uchoke hivyo?

Nasema nawe, mpambaji wa Mraru. Nawe mpishi wa Mbololo, mwenye mahema wa Kaloleni, mpiga picha wa Mwatate, emsii ambaye sauti imekukauka tangu Agosti. Una kipaji, na unajua unacho. Wageni wanatoka kwenye hema lako wakiulizana nani kapamba. Jina lako limepanda Sagalla na kufika Wundanyi bila tangazo hata moja. Halafu kila Januari unakaa kizingitini unajiuliza kama uache biashara ukatafute kibarua.

Uache nini? Hata hujaianza!

Najua utakalonijibu. Voi kukavu. Watu hawana pesa. Maji tunanunua kwa mitungi huku bomba la Mzima likitupita kwenda Mombasa. Vumbi jekundu linaingia kwenye satini nyeupe, kitambaa kimoja unakifua mara tatu na bado kinabaki na rangi ya chai. Kweli tupu. Nimeona vitambaa hivyo vimeanikwa, na nimeona vidole vya waliovifua.

Lakini wewe, mpambaji, ni mtu wa Mraru. Unanipaje mimi visingizio, ilhali umezaliwa mahali palipovikataa?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kina mama wa hapo hapo Mraru, kijiji cha karibu na Voi, walikuwa na shida kubwa kuliko yako. Soko lilikuwa Voi. Hospitali, Voi. Basi lilikuwepo, ila lilipofika kwao lilikuwa limeshajaa. Mama amebeba mazao yake, amedamka, anaangalia basi likipita. Fikiria hilo lijirudie wiki baada ya wiki. Wangeweza kulalamika, na sababu walikuwa nazo. Walichofanya ni kuunda kikundi, wakachanga kidogo kidogo kwa miaka, wakakopa kilichopungua, na mwaka 1975 wakanunua basi.

Basi, ndugu yangu! Si cherehani, si kuku watano. Kina mama wa kijijini, katika Kenya ya wakati ambao mwanamke kupewa mkopo kulikuwa jambo la kushangaza, walimiliki basi. Deni wakalipa. Wakafungua duka, wakafuga mbuzi. Habari zao zilivuka bahari: mwaka 1980 kijitabu kizima kuhusu basi la Mraru kilichoandikwa na Jill Kneerim kilichapishwa New York, na wasomi wa maendeleo wanakitaja hadi leo.

Wewe una simu mfukoni, una M-Pesa tangu 2007, una lami. Wao walikuwa na nini?

Walikuwa na uamuzi.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi hukomea, watu wakapiga makofi wakaenda nyumbani. Mimi sikomei hapo, maana sehemu inayokuhusu zaidi inafuata. Basi lile lilifanya kazi sana. Lilibeba watu, likabeba magunia, likapanda na kushuka kwenye barabara mbovu mwaka hadi mwaka. Likachakaa. Matengenezo yakaanza kula mapato. Na walipotazama bei ya basi jipya, ilikuwa imekimbia mbele ya akiba yao.

Siwalaumu. Walifanya makubwa kuliko wengi wenye digrii za biashara. Ila waliacha somo mlangoni kwako na wewe unaliruka kila asubuhi: kinachobeba biashara huchakaa hata siku ambazo kinaingiza pesa. Hasa siku hizo.

Sasa tazama biashara yako. Basi lako ni lipi?

Hema? Jenereta? Masufuria?

Ni wewe.

Wewe ndiye unayebeba abiria wote. Na sevisi yako ya mwisho ilikuwa lini?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu wa kazi kwa dalili tatu, nazo nitakusomea kwa lugha ya uwanja wa harusi. Ya kwanza, nguvu zimekwisha: unalala saa tisa mfululizo na unaamka umechoka. Ya pili, moyo umeikimbia kazi: bibi harusi anakupigia simu kwa furaha, na wewe unaliangalia jina lake kwenye kioo huku umekunja uso. Ya tatu, mkono umepoteza ubora: mafundo yanalegea, wali unashika chini, picha ya maharusi wakikata keki imekupita kwa sababu ulikuwa unasinzia umesimama.

Dalili ngapi unazo? Usinijibu mimi. Mjibu mwenzio wa nyumbani, yeye anazijua zote.

Tena shirika hilo lilisema chanzo ni msongo wa kazi usiosimamiwa vizuri. Usiosimamiwa! Na msimamizi wa kazi yako ni nani? Huna bosi. Wewe ndiye bosi, na ni bosi mbaya. Ungekuwa umeajiriwa na mtu anayekutendea unavyojitendea, ungekuwa umeshampeleka kwa chifu.

Tupige hesabu, maana kuchoka kwako kwingi kunaanzia kwenye bei. Tuseme umetoza shilingi 80,000 kwa hema, viti na mapambo. Lori, 15,000. Vijana sita kwa 1,500 kila mmoja, 9,000. Maua, 12,000. Mafuta ya jenereta na kufua vitambaa, 11,000. Viti 11 vilivyopotea, kwa 700 kimoja, 7,700. Hapo zimeshakwenda 54,700, zimebaki 25,300. Hema lenyewe je? Kama ulilinunua kwa 150,000 na litavumilia harusi 50 kabla upepo wa Voi haujalimaliza, basi kila harusi inalila 3,000, uwe umeziweka kando au hukuziweka. Zimebaki 22,300. Umefanya kazi siku tano, usiku na mchana, nyumba nzima ikikusaidia bila malipo.

Na Jumapili kanisani ukatoa ahadi ya mtu mwenye 80,000.

Unaona unapovujia? Mfuko wa biashara na mfuko wa jikoni ni mmoja. Dipoziti ya harusi ya Desemba imelipa karo ya Septemba, kwa hiyo Desemba ikifika unatafuta dipoziti nyingine ili uifanye harusi uliyokwisha kuila. Hapo huna budi kukubali kila anayepiga simu. Mbio hizo hazina mwisho, na ndizo zinazokukosesha usingizi, wala si ngazi na nyundo. Fungua laini nyingine ya M-Pesa, ya biashara peke yake. Leo hii. Jilipe mshahara kutoka humo, hata uwe mdogo wa kuchekesha. Kila harusi ikipita, toa ile 3,000 ya hema uifiche mbali na macho yako. Kina mama wa Mraru walichanga sarafu hadi zikawa basi, wewe unashindwa na 3,000?

"Lakini huyu ni mtoto wa shangazi."

Ah! Nilikuwa namngoja huyo mtoto wa shangazi. Taita Taveta nzima ni mtoto wa shangazi! Ukiwapunguzia wote nusu bei, utamlipa nani mwenye lori, ambaye kwa bahati mbaya si wa ukoo wenu? Mpende binamu yako. Mpe zawadi ya harusi kama jamaa wengine, kwenye bahasha, siku ya harusi. Bei ibaki bei. Akinuna, atanuna wiki mbili. Wewe ukifilisika, utaomba msaada wake miaka miwili, na hapo atanuna zaidi.

Na wale wa dakika ya mwisho? Anakuja Jumatatu, anataka harusi Jumamosi, na unaitikia! Sikia: kwa ndoa ya kiserikali, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inadai notisi ya siku zisizopungua 21. Serikali yenyewe, yenye maofisa na mihuri, inataka wiki tatu ili iandike karatasi. Wewe utapika, utapamba, utasimamisha hema na kuwasha jenereta kwa siku tano?

Weka notisi yako. Wiki tatu, nusu ya pesa mkononi, makubaliano kwenye karatasi yenye sahihi: viti vingapi, meza ngapi, saa ngapi unafungua hema, saa ngapi unafunga, kiti kikipotea nani analipa. Ukurasa mmoja unatosha. Usione haya kuutoa mbele ya kamati. Kamati hiyo hiyo inaandika majina ya wachangaji wote na kiasi cha kila mmoja mpaka mia mbili ya mwisho. Karatasi wanaijua vizuri sana, hawajawahi tu kuiona kwako.

Halafu jifunze kusema hapana. Najua inauma. Desemba moja utaitwa Wundanyi na Taveta kwa Jumamosi moja, na tamaa itakuambia inawezekana, tutagawana vijana. Kutoka Voi, Wundanyi ni kupanda milimani. Taveta ni zaidi ya kilomita 100. Utakuwa wapi pancha ikitokea Maktau, kwenye njia ya Taveta? Utaharibu harusi mbili na jina moja. Mpe mwenzako hiyo ya Taveta. Ndiyo, mwenzako, yule unayemwita mshindani. Siku ukiugua, ni nani mwingine mwenye hema la kukuokoa? Machi 2020, serikali ilipopiga marufuku mikusanyiko, harusi zikiwemo, nyote mlikaa nyumbani mkitazama viti vimepangwa hadi darini. Hakukuwa na mshindani mwezi huo. Mlikuwa watu wa kazi moja wenye njaa moja, na wengi wenu hamkuwa na hata kikundi cha kuwekeana akiba.

Kina mama wale wangewashangaa.

Na hao vijana sita, umewafundisha nini? Miaka mitatu wanabeba vyuma, na bado fundo la dari unalifunga wewe peke yako. Kwa nini? Unaogopa watakuibia ujuzi? Wacha waibe! Mfundishe mmoja kufunga, mmoja kuhesabu viti vikitoka na vikirudi, mmoja kununua sokoni. Watakosea mara mbili tatu. Dari litapinda, utaumia roho, utalinyoosha. Harusi ya nne utakunywa chai ukiwa umekaa, kwenye kiti chako mwenyewe, chini ya hema lako mwenyewe. Umewahi kukaa kwenye kiti hata kimoja kati ya hivyo 300?

Wewe unayesema utapumzika Njaanuari, acha kujidanganya. Mwezi huo hupumziki. Unalala chini ukihesabu madeni, unamkimbia mwenye lori, unasononeka. Mapumziko hupangwa wakati kazi imejaa, na yana tarehe. Kushona vitambaa vilivyochanika, kurekebisha zipu za hema, kupiga picha za kazi zako ziwe tayari kumwonyesha mteja, hizo ndizo kazi za Januari. Usingizi ni wa kila wiki.

Muda unakwenda. Agosti nyingine iko njiani, na Desemba nyuma yake. Simu zitaanza kulia kabla hujawa tayari, kama kila mwaka. Utapokea kama mwaka jana?

Chukua kalenda. Isiyo ya simu, ya ukutani, wote nyumbani waione. Desemba ina Jumamosi nne au tano. Moja ipige mstari mwekundu sasa hivi, kabla mteja hajaitaja. Siku hiyo huna hema, huna sufuria, huna kamera. Mtu akiitaka kwa bei mara mbili, mwambie imeshachukuliwa.

Umemaliza? Bado.

Kuna bwana harusi mmoja ambaye salio lako analo tangu Pasaka. Unamjua. Ukikutana naye stendi ya Voi, ni wewe unayeinamisha macho, kana kwamba wewe ndiye unayedaiwa. Usimtumie ujumbe. Mpigie.