Dhamiri Haisubiri Mwisho



Wapendwa vijana, wengi tunaijua Bagamoyo kwa hija, pale wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868. Leo twende upande mwingine wa mji huohuo, kwenye kituo cha utafiti cha Taasisi ya Afya Ifakara.

Hapo yamefanyika majaribio ya chanjo ya malaria. Katika baadhi yake, watu wazima wenye afya njema walikubali kwa hiari kuingiziwa vimelea vya malaria, ili ijulikane kama chanjo inawakinga. Ndiyo, makusudi kabisa! Kisha damu yao ikapimwa mara kwa mara, kwa darubini na kwa mashine ya PCR, na wakapewa dawa.

Hiyo mashine ina funzo. Inazidisha vinasaba vya kimelea mara mbili kila mzunguko, hivyo baada ya mizunguko 10 nakala moja huwa 1,024. Kila mzunguko ukiisha mwanga hupimwa, na programu ya kompyuta huchora mstari palepale, kazi ikiendelea. Mwanzoni mstari umelala tu, utadhani hakuna kitu. Kumbe kimelea kimo tangu mwanzo! Mstari ukivuka kizingiti ndipo jibu linatoka.

Sasa fikiria mtafiti anasema, "Tusubiri, tutaangalia damu zote jaribio likiisha." Takwimu angepata, lakini kuna mtu anachemka homa kitandani. Mtu si sampuli. Kumwangalia mapema ni deni la haki.

Ila kuangalia mapema nako kuna mtego. Mtafiti anayechungulia kila siku, akasimamisha jaribio siku namba zinapompendeza, anajidanganya mwenyewe. Ndiyo maana kanuni huandikwa kabla ya kuanza.

Katekisimu namba 1778 inafundisha kwamba dhamiri huhukumu tendo tunalotaka kulitenda, tunalolitenda sasa, na tulilokwisha kulitenda. Tunalolitenda sasa! Sisi wengi tumeibakiza hiyo ya mwisho tu, tena kwa Kwaresima. Na tukichungulia katikati, tunasogeza kizingiti. Umeanza kubeti kwa shilingi 500, ukasema nikifika 5,000 naacha. Umefika, ukasema 20,000. Leo umeshika ada ya chuo na bado unajiambia mambo yako sawa, kwa sababu mstari ulilala mwanzoni.

Ndugu yangu, kizingiti kiweke ukiwa na akili tulivu, kabla ya kishawishi, na mwambie padre wako au rafiki wa kweli ili usikihamishe kimyakimya. Halafu kila usiku, dakika 5 tu mbele za Mungu: leo mstari wangu unaelekea wapi? Yeye hatuangalii ili apate takwimu. Anatuangalia ili dawa itufikie mapema.

Je, kuna jambo unalosubiri liishe ndipo uliangalie? Liangalie usiku wa leo.

Mungu awabariki.